Vyeti Arobaini na Kimoja

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, Jumatatu tarehe kumi na mbili Agosti, droo ya tatu ya kabati la chuma katika ofisi ya usajili ilikuwa na bahasha arobaini na moja. Ndani ya kila bahasha mlikuwa na cheti halisi cha kidato cha nne. Phelix Omollo, msajili msaidizi, alizihesabu mara mbili, akaandika idadi kwenye daftari, akafunga droo na kutia ufunguo mfukoni.

Chuo kilikuwa kidogo, cha ufundi na biashara, kando ya barabara iendayo Sotik. Wanafunzi wapya walitarajiwa kuripoti tarehe mbili Septemba. Mwaka uliotangulia, barua za kuitwa zilikuwa mia moja na kumi na mbili. Walioripoti walikuwa hamsini na wanane. Wengine walikuwa wamethibitisha kwa maandishi kwamba wangekuja, na baadhi walikuwa wameshachagua vitanda. Walipotelea katikati ya barua na siku ya kwanza, na hakuna aliyeandika kueleza sababu.

Kazi ya Phelix mwaka huu ilikuwa kufupisha pengo hilo. Alizaliwa katika nyumba za wafanyakazi wa shamba la chai, baba yake akiwa fundi wa mitambo kiwandani, na alikuwa amezoea kuamini kitu kinachopimika. Kila Ijumaa karani wake, Molly Adoyo, aliwapigia simu wanafunzi wote waliokuwa kwenye orodha. Walikuwa na kundi la WhatsApp. Mwezi wa sita walikuwa wamewaalika kuja kuona madarasa, wakawapa soda na mkate.

Molly alipiga simu ya mezani, ambayo namba yake haikuonekana kwa aliyepigiwa, akiwa ameweka spika, ili mikono yake ibaki huru kuandika.

"Kipkorir, habari? Ni Molly wa chuo."

"Molly gani? Wa kanisa ama yule wa Litein?"

"Wa chuo. Wewe si wa umeme, mwaka wa kwanza, kitanda ya juu?"

"Aa, madam. Hiyo kitanda ya juu si mnibadilishie? Mimi nikilala huzunguka."

"Utakuja tarehe mbili ama hutakuja?"

"Nitakuja. Lakini nikianguka ni nyinyi."

Molly aliandika: atakuja. Phelix hakuyaamini sana maneno hayo. Mwaka uliopita wengi walisema hivyo hivyo, na baadhi kwa sauti ya furaha zaidi.

Alichokiamini alikuwa amekipata mwezi wa tano, akipekua faili za mwaka uliopita. Kulikuwa na juma moja ambalo mashine ya kutoa nakala iliharibika. Wanafunzi kumi na tisa waliokuja juma hilo kuthibitisha nafasi zao walikubali kuacha vyeti halisi ofisini hadi mashine itengenezwe. Wote kumi na tisa waliripoti. Kati ya wale wengine, waliobaki na vyeti vyao, hata nusu hawakufika.

Alimpelekea mkuu wa chuo takwimu hizo kwenye ukurasa mmoja. Mkuu, Robert Kipruto, alikuwa na ng'ombe watatu wa maziwa, wa gredi, nyuma ya nyumba yake, na alielewa upesi.

"Hii si jambo geni," alisema. "Ng'ombe yangu huenda mtoni saa nne, hakuna mtu anaifuata. Na jioni iko nyumbani. Unajua kwa nini? Ndama imebaki."

"Kwa hiyo tuwaombe waache vyeti."

"Usiombe. Andika ni ya uhakiki."

Phelix aliandika. Sharti likawa hivi: mwanafunzi anayethibitisha nafasi yake alete cheti halisi kwa uhakiki, kitahifadhiwa hadi siku ya kuripoti. Si wote waliotii, ila arobaini na mmoja walitii. Aliandika pia utaratibu wa kutoa cheti kwa atakayekihitaji kabla ya siku hiyo: barua ya mwanafunzi, sahihi ya mzazi, sahihi ya mkuu wa chuo, siku tatu za kazi. Ulikuwa ukurasa mmoja, usio na kosa hata moja la kuandika.

Kuna swali moja ambalo hakuliuliza wakati ule: kwa nini wale kumi na tisa walikubali kuacha vyeti. Kulijibu kungehitaji simu tatu au nne.

Jumatatu tarehe kumi na tisa, saa tatu kasoro robo, simu ya ofisi iliita. Ilikuwa simu ya mkononi ambayo Phelix alitembea nayo, na ndiyo namba pekee ya chuo waliyokuwa nayo wanafunzi.

"Mwalimu, habari ya asubuhi. Ni Caren Chepyegon. Wa kozi ya ushirika, kutoka Mogogosiek."

"Nzuri, Caren. Uko tayari kwa tarehe mbili?"

"Niko tayari. Lakini naomba ile cheti yangu. Ni ya siku mbili tu, nitairudisha."

"Ya kufanya nini?"

Alisikia mtu akikata kuni mahali fulani nyuma ya msichana.

"Kuna mahali inatakikana."

"Wapi?"

"Kuna mahali tu, mwalimu."

Phelix alifahamu maana yake. Mtu anayetaka cheti halisi majuma mawili kabla ya chuo kufunguliwa ana mlango mwingine wa kubisha. Alimsomea utaratibu, taratibu na kwa ukamilifu. Caren aliuliza kama siku tatu zinahesabiwa kuanzia leo. Phelix alisema zinahesabiwa kuanzia siku barua itakapopokelewa. Caren alisema asante.

Jumatano tarehe ishirini na moja, saa nne na nusu, aliingia ofisini pamoja na baba yake. Alikuwa msichana mrefu wa miaka kumi na tisa, na mkononi alikuwa na barua iliyokunjwa mara mbili tu ili isichakae. Baba yake, Alfayo, alivaa koti la kanisani na gambuti za shambani. Alikuwa na ekari moja na robo ya chai na ng'ombe wawili, na alikuwa amemwachia jirani vyote siku hiyo.

"Karibu mzee, keti," Phelix alisema.

"Nimeketi kwa gari tangu saa moja. Wacha nisimame kidogo." Alivua kofia. "Mwalimu, huyu mtoto anaogopa kukuambia. Mimi siogopi. Ameitwa interviu ya unesi kesho saa mbili, kule hospitali ya misheni. Aliomba tangu mwezi wa tatu, wakanyamaza, tukasema basi, aende ushirika. Sasa Jumamosi wameita. Na wanataka cheti yenyewe."

Caren alikuwa ameweka simu yake mezani, kioo kikimwelekea Phelix. Ujumbe wa kuitwa ulikuwa wazi. Chini yake palikuwa na namba ya simu ya shule ile ya uuguzi.

"Barua nimeipokea," Phelix alisema. "Iko sawa. Inabaki sahihi ya mkuu wa chuo, na yeye yuko Eldoret kwa mkutano. Anarudi kesho mchana."

"Kesho mchana interviu imeisha."

"Ninaelewa, mzee."

"Hiyo cheti iko hapa?"

"Iko."

"Iko mbali na wewe?"

Phelix aligeuka akatazama kabati. "Hatua mbili."

"Basi nikikutembelea hizo hatua mbili, mimi mzee, ni makosa?"

Molly alikohoa, akainamia orodha yake.

Phelix alieleza kwamba sharti ni la wote, kwamba vyeti ni amana ya chuo, na kwamba msaidizi hawezi kutoa bila sahihi. Kila alilosema lilikuwa kweli. Kisha alitoa nakala iliyokuwa kwenye faili la Caren, akapiga muhuri wa chuo, akatia sahihi na tarehe, na kuandika kwa mkono kwamba cheti halisi kimehifadhiwa chuoni.

"Nakala iliyothibitishwa hukubaliwa na ofisi nyingi," alisema.

Hilo nalo lilikuwa kweli. Hakujua kama shule ile ya uuguzi ilikuwa mojawapo, na namba ya kuulizia ilikuwa mbele ya macho yake. Hakuipiga. Sababu yake, kama alivyojieleza baadaye, ni kwamba kupiga simu kungekuwa ni kumtafutia mwanafunzi wa chuo chake nafasi katika chuo kingine.

Alfayo aliishika ile nakala mbali na uso, kama asomavyo mtu aliyesahau miwani.

"Mwalimu, una mtoto?"

"Bado."

"Haya," Alfayo alisema, akavaa kofia.

"Baba, twende," Caren alisema. "Tutajaribu na hii." Alichukua simu yake, akamshukuru Phelix, akamshukuru na Molly.

Walipotoka, Molly alisubiri hadi hatua zao zikaisha kwenye varanda.

"Bosi, ungempa tu. Mimi ningesema nilikuwa nimeenda choo."

"Tukitoa kimoja tutatoa vyote."

"Mpaka sasa wameomba wangapi?"

"Mmoja."

"Basi hivyo vyote ni kimoja." Alivuta simu ya mezani karibu, akaacha kuipiga. "Na ulikuwa unashikashika ufunguo mfukoni, nilikuona."

Phelix alimwambia aendelee na orodha ya mabweni.

Alhamisi tarehe ishirini na mbili, kuanzia saa mbili hadi saa nne na dakika ishirini, Phelix alikuwa kwenye kikao cha kugawa vyumba. Simu ilikuwa mfukoni mwake, imezimwa sauti, kwa sababu ndiye aliyekuwa amependekeza simu zizimwe sauti vikaoni. Molly alikuwa Litein kuchukua kadi za wanafunzi. Kikao kilipokwisha, Phelix alikuta simu sita kutoka namba moja. Ya kwanza ilipigwa saa mbili na dakika ishirini na mbili. Ya mwisho, saa nne kasoro dakika tano. Alipiga mara mbili, haikupatikana.

Mkuu alirudi saa saba kasoro dakika ishirini. Alitia sahihi barua ya Caren bila kuisoma, pamoja na hati nyingine nne. Saa saba kasoro dakika nane Phelix alimpata Alfayo.

"Mzee, cheti iko tayari. Imesainiwa."

"Asante, mwalimu. Hiyo ilikuwa ya asubuhi."

"Waliikataa nakala?"

"Hawakuikataa vibaya. Yule mama wa mezani aliangalia muhuri yenu, akasema ni muhuri nzuri. Lakini wanataka yenyewe. Akasema, kama inaweza kuletwa kabla ya saa nne, ataweka jina mwisho. Ni mama mzuri. Alingoja mpaka saa nne. Hata alitoka nje kuangalia barabara pamoja na sisi. Nikakupigia, nikakupigia, simu ikakwisha moto, ikazima."

Kutoka chuoni hadi hospitali ile ni dakika hamsini kwa gari. Gari la chuo lilikuwa limeegeshwa uani tangu Jumatatu. Phelix alifanya hesabu hiyo akiwa bado na simu sikioni. Kama angeipokea simu ya kwanza, cheti kingefika saa tatu na robo, au tatu na nusu kama ukungu ungekuwa mzito.

"Caren yuko hapo?" aliuliza.

"Yuko. Lakini hataki kuongea."

Alasiri hiyo alipiga ile namba iliyokuwa kwenye ujumbe, ambayo hakuwa ameiandika popote na ilibidi aitafute. Mwanamke aliyepokea alimwambia nafasi zote zimejaa, na atakaye aombe upya kwa kundi la mwezi wa tatu. Phelix aliuliza kama kosa la chuo lingeweza kuzingatiwa. Mwanamke alimwuliza kosa gani. Phelix alieleza. Mwanamke alisema kwamba anasikitika, na kwamba nafasi zimejaa.

Tarehe mbili Septemba, kati ya saa mbili asubuhi na saa kumi na moja jioni, wanafunzi sabini na wanne waliripoti. Kati ya wale arobaini na mmoja wa droo, walifika thelathini na tisa. Hawakufika wawili: mvulana mmoja wa Kiptere ambaye mama yake alipiga simu kusema ni mgonjwa, na Caren Chepyegon.

Mkuu alipita kwenye foleni akiwa na furaha. "Omollo, umeona? Ndama imeita."

Phelix alikuwa amekaa mezani akirudisha vyeti, kila mtu na bahasha yake. Kwa kila mmoja aliuliza swali lile lile: kama ungebaki na cheti chako, ungekuja? Aliweka alama kwenye karatasi. Wengi walilishangaa swali. Kipkorir wa kitanda cha juu alisema, "Si nilishaambia madam nitakuja? Mlikuwa mnadhani ninacheza?" Msichana mmoja alisema alikiacha kwa sababu nyumbani kwao paa linavuja. Thelathini na wanane walisema ndiyo, wangekuja. Mmoja alicheka tu, naye Phelix hakumweka upande wowote.

Jioni aliitazama karatasi ile kwa muda mrefu. Waliokubali kuacha vyeti walikuwa watu walioshaamua, ndiyo maana wakakubali. Ndivyo ilivyokuwa kwa wale kumi na tisa pia. Droo haikumleta mtu yeyote. Katika arobaini na mmoja ilikuwa imemzuia mmoja tu, aliyekuja kubisha hodi, na huyo ndiye aliyekosa kote kuwili.

Aliandika hayo kwenye ukurasa mmoja na kumpa mkuu Jumanne asubuhi, pamoja na pendekezo kwamba sharti lifutwe. Mkuu alisoma, akauliza, "Lakini sabini na wanne wamekuja, ama hawakukuja?" Phelix alisema wamekuja. Mkuu alisema watalijadili Desemba.

Jumamosi tarehe saba Septemba alikwenda Mogogosiek. Nyumba ya Alfayo ilikuwa juu ya mteremko, chai ikianza hatua chache kutoka mlangoni na kushuka hadi kijitoni. Alfayo alikuwa akikamua. Hakuonyesha mshangao. Alimaliza ng'ombe wa kwanza, akafunika ndoo, akamkaribisha ndani na kumwekea kikombe.

Phelix aliweka bahasha mezani. "Nimeleta cheti, mzee."

"Kunywa chai kwanza. Cheti imezoea kungoja."

Phelix alikunywa. Alfayo alimwuliza kwao ni wapi, na aliposema alizaliwa kwenye nyumba za kampuni, alimwuliza kama baba yake bado yuko kazini. Phelix alisema alistaafu akarudi Nyakach. Waliongea kuhusu mvua. Kisha Alfayo alinyoosha mkono kuelekea dirishani.

"Yuko huko chini. Nenda umpe mwenyewe. Si cheti yangu."

Caren alikuwa katikati ya mistari, kitambaa cha plastiki kiunoni, kikapu mgongoni, mikono yote miwili ikifanya kazi. Alimwona akishuka lakini hakuacha kuchuma mpaka alipofika karibu.

"Mwalimu. Habari ya huko?"

"Nzuri. Nimekuletea hii."

Alijipangusa mikono kwenye sweta, pande zote mbili, ndipo akaipokea. Alifungua, akatazama ndani, akafunga.

"Ile siku nilikuwa na ufunguo," Phelix alisema. "Ningeweza kukupa. Na ningeweza kupiga ile namba. Sikufanya yote mawili. Nilikosa."

"Nilijua uko nayo," Caren alisema. "Uliigusa mfukoni mara mbili."

"Nafasi yako ya ushirika iko hadi Ijumaa. Nimeiombea."

"Wewe ungetaka nije?"

"Ningetaka uwe nesi."

"Basi usinihesabu." Hakuyasema kwa ukali. Alikuwa akitafuta mahali pa kuiweka bahasha pasipo unyevu, na mwishowe akaiingiza ndani ya sweta, kifuani. "Huko chuoni kila mtu ataniuliza kwa nini nimechelewa, na mimi nitakuwa nafikiria ile meza ya interviu."

"Wanapokea maombi Januari, kwa kundi la mwezi wa tatu. Nimeuliza. Ninaweza kukupigia simu kukukumbusha."

"Hapana, mwalimu. Usinipigie." Alirudisha mikono kwenye majani. "Kila Ijumaa Molly alikuwa ananipigia, ananiuliza kama nitakuja. Nilikuwa nasema ndiyo, na ilikuwa ndiyo ya kweli. Hakuna siku mtu aliniuliza kama kuna kitu kingine nataka. Ningesema."

Kisha Caren alisema lori la majani litafika karibuni na kikapu hakijajaa, na kama anapanda juu ampitie baba amwambie alete gunia. Phelix alipanda, akamwambia Alfayo, na Alfayo akampa gunia ashuke nalo, kwa kuwa alikuwa bado na ng'ombe wa pili wa kukamua. Phelix alishuka nalo. Aliwashikia mdomo wa gunia Caren na jirani mmoja waliokuwa wakijaza, kisha wakalibeba hadi kituo cha kununulia majani, bandani kando ya barabara, ambako watu wanane walikuwa kwenye foleni.

Saa kumi na dakika arobaini karani wa kituo alitundika gunia la Caren kwenye mizani, akasoma kilo ishirini na tatu, akampa risiti.